Jiwe Lililokataa Kukauka

Ukitaka kucheka, cheka sasa, mimi nitangoja. Lakini hiki kitu kilinifanyikia mimi mwenyewe, saa nane mchana, jua likiwaka, na sikuwa nimekunywa kitu ila chai.

Nafanya kazi kwenye maabara ndogo ya mawe, Kericho mjini. Kazi yangu ni kuvunja. Unaletewa jiwe limekatwa mviringo, unaliweka kwa mashine, mashine inalibana mpaka linapasuka, halafu unaandika lilibeba uzito gani. Mhandisi akipata hiyo namba ndio anajua nguzo za mwamba zinazoachwa chini ya mgodi kushikilia dari ziwe nene kiasi gani. Namba ikidanganya, dari inashukia watu.

Wiki hiyo tulikuwa na mawe ya mgodi mpya upande wa Merigi, yale mawe laini ya kujengea, yanachimbwa chini kwa chini. Mwenye mgodi alikuwa ananipigia simu kila saa akitaka ripoti. Na mdogo wangu Weldon alikuwa ameandikwa kazi huko, aanze Jumatatu. Sasa sisi tulikuwa na mazoea yetu: jiwe likifika linalala kwa oveni usiku mzima, kesho yake linavunjwa. Jiwe kavu halina maneno mengi. Nilikuwa nimeshavunja karibu yote, namba nzuri kabisa, limebaki moja tu.

Ndio akaingia mzee mmoja, miguuni viatu vya gumbuti vimejaa matope meupe, nguo zinachuruzika maji. Na nje hakukuwa na mvua, niamini. Akasema ametoka mgodini Merigi. Nikamsalimia kwa mkono kama tunavyosalimiana huku, na huo mkono ulikuwa baridi kama umetoka kisimani, tena kidole cha shahada hakipo. Nikamwekea chai. Akashika kikombe tu, hakunywa. Umewahi kuona mtu wa huku akikataa chai?

Akachukua lile jiwe la mwisho, akaligeuza mkononi.

"Dada," akasema, "kule chini kuna maji. Hili mbona ni kavu?"

Nikamwambia ndivyo tunavyopima. Nilimjibu vibaya kidogo, sitaficha, nilikuwa na haraka.

"Mimi pia niliambiwa nguzo ni ngumu," akasema. Akaliweka jiwe mezani, akatoka.

Jiwe lilikuwa limelowa mpaka ndani. Nikaliweka kwa mashine hivyo hivyo, kwa hasira tu, na halikufika hata nusu ya uzito waliobeba wenzake. Lilimeguka kama mandazi ndani ya chai. Nikakimbia nje. Mlinzi wa geti akaapa hakuna mtu ameingia wala kutoka tangu asubuhi.

Nikaomba mawe mengine, nikayaloweka siku mbili, nikavunja. Namba ikawa ile ile mbaya. Hapo nikaogopa kweli, kwa sababu ile ripoti ya kwanza ningeituma, Weldon angeingia chini ya dari inayoshikiliwa na namba ya oveni.

Nikapeleka ripoti mpya Merigi mwenyewe. Mwenye mgodi akanifokea mbele ya watu, maana nguzo ziliongezwa unene na kazi ikachelewa. Yaliisha. Lakini nilipomweleza msimamizi wao kuhusu mzee wa kidole kilichokatika, alitafuta mahali pa kukaa. Akasema mtu huyo alifunikwa na dari kwenye shimo la zamani, mlima huo huo wa mgodi, Weldon akiwa bado shule ya msingi. Hawajamtoa mpaka leo.

Kipande kimoja cha jiwe alilolishika ninacho. Nimekiweka kwenye oveni mara sijui ngapi, kinatoka kimelowa. Kiko kwa rafu yangu, na ubao chini yake umeanza kuoza.

Kwa hivyo wewe unayechimba, au una mtu wako anayechimba, usifurahie namba tu. Uliza jiwe lilipimwa likiwa kavu au likiwa na maji. Ukijibiwa vibaya kama nilivyojibu mimi, mwambie mtu wako abaki nyumbani.

Weldon anafanya kazi huko mpaka sasa. Jioni akirudi nyumbani Sosiot na gumbuti zake zimejaa matope meupe, namsimamisha mlangoni, namsalimia kwa mkono. Mkono ukiwa na joto, ndio namwekea chai. Halafu nakaa hapo mpaka nimwone ameinywa.