Kitufe cha Ngamia

Siku za mwanzo za kurusha gemu laivu nilikuwa na mtazamaji mmoja tu, na huyo mtazamaji alikuwa mimi mwenyewe, kwa simu ya hooyo, yaani mama yangu, nikijiandikia komenti: "Endelea dada, uko juu!" Usinicheke. Mwanzo ni mgumu kila mahali, na hapa Garissa mwanzo ni mgumu halafu una joto.

Nilikuwa nimewatazama wale vijana wa ng'ambo wanaocheza mbele ya umati, nikaona siri yao ni kupiga kelele. Basi nami nikapiga. Mlango ukifunguka kwenye gemu, yowe. Ukifungwa, yowe. Shida ni kwamba gemu yangu haikuwa ya bunduki wala ya mpira. Ilikuwa ya hadithi, imetengenezwa na watu wawili tu katika nchi fulani ya baridi: msichana mwenye trekta ya kusukuma theluji, kijiji cha mlimani, watu wachache, maneno mengi. Nilikuwa nayasoma yale maneno na kuyatia Kiswahili papo hapo. Sasa hapo unampigia nani kelele, theluji? Siku moja hooyo aliingia mbio na ndala mkononi akitafuta nge. Siku nyingine aliingia na chupa ya tahlil, maji yaliyosomewa Kurani, akanimwagia mimi na kibodi. Mimi nilipona. Kibodi haikupona vizuri.

Mwisho watazamaji walikuja, kidogo kidogo. Mmoja wa Tanga ambaye hakukosa hata siku moja, wawili watatu wa Nairobi, kijana wa kambi ya wakimbizi ya Ifo aliyekuwa akipotea kila bando lake likiisha. Ningeweza kuwasalimia wote nikamaliza kabla chai haijapoa.

Ndipo abti alipoleta habari yake. Abti ni mjomba wangu, kaka yake hooyo, dalali wa mifugo, na nyumba tunayokaa ni yake. Ana duka Takaba, kule mbali Mandera, na binamu yangu aliyekuwa akilikalia alikuwa anaolewa. Abti akaamua, kama anavyoamua kila kitu, akiwa amesimama na funguo mkononi: Jumamosi lori la bidhaa linaondoka, nami niwe ndani yake. Chumba changu kiwe stoo ya pasta na sukari.

"Lakini abti, mimi nina kazi," nikasema.

"Kazi? Mnada ukikosa watu, hiyo si mnada, ni mbuzi imesimama kwa jua. Watu wako wako wapi?"

Nililia usiku huo hadi mto ukalowa. Sikuichukia Takaba. Nilichokiogopa ni kule kukaa nyuma ya kaunta mpaka nisahau kwamba kuna kitu niliwahi kukitaka. Kesho yake nikawaambia watazamaji wangu wote, hao wa kujaa kwenye gari moja la Probox, kwamba Jumamosi ndiyo mwisho, napelekwa Takaba pamoja na pasta.

Alhamisi baada ya Alasiri nilikuwa laivu, abti akaingia bila hodi, anapima chumba kwa bakora yake ili ajue magunia yatakaa vipi. Na ndipo hapo, kwenye gemu, ukungu ukatanda mlimani, trekta ikayumba, yule msichana akamgonga jirani yake mzee. Mzee akalala kwenye theluji, kimya. Bakora ya abti ikasimama hewani.

"Amekufa?"

"Amekufa, abti. Ni mchezo tu."

"Ana jamaa?"

"Ana mtoto wa kiume."

Kwenye kioo vikatokea vitufe vitatu: Kimbia. Nyamaza. Kiri. Na saa ikaanza kuhesabu, maana gemu hii haikupi nafasi ya kufikiri. Abti akainama, akavitazama vile vitufe vizuri, akanigeukia kwa hasira ya mtu aliyeuziwa mbuzi kiwete.

"Kitufe ya ngamia iko wapi?"

"Ngamia gani, abti?"

"Naa! Mtu ameua mtu! Diya ya damu yake italipwa na nini, na theluji? Simamisha hii kitu!"

Nikasimamisha. Abti akakalia godoro langu, akaagiza chai, akavuta shuka yake begani na kuitazama kamera kana kwamba imechelewa kikao. Kiswahili cha abti ni cha sokoni, amekipata kwa wanunuzi wa kutoka bara: p yake huteleza ikawa b, na ngeli hazijui wala hazimjui. Akasafisha koo.

"Assalamu aleikum. Nani anasimama ubande ya marehemu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yule wa Tanga, Mungu ampe maisha marefu, akaandika: "Mimi ni wa marehemu. Tumeumia sana." Wa Nairobi wakamsimamia msichana. Wa Ifo akasema yeye ni shahidi, ingawa bando lilikuwa limekatika wakati wa ajali. Abti akawauliza kila mmoja habari za mvua kwake, malisho, afya ya wazee, kwa sababu kesi haianzi kavu kavu. Nusu saa nzima hakuna aliyegusa gemu, na ile namba ya watazamaji pembeni ya kioo ikawa inapanda. Niliisugua nikidhani ni vumbi.

"Mila yetu, mwanaume ni ngamia mia," abti akawatangazia.

"Huku Tanga hatuna pa kufugia ngamia. Tulipwe minazi."

"Mnazi haitembei! Utaibeleka malishoni na nini?"

Watu wakaanza kuitana. Mtu anaingia, anauliza nani amekufa, anaambiwa, anachagua upande, anaanza kudai ngamia. Hooyo akasimama mlangoni na birika, akawa wa upande wa marehemu, tena mkali kuliko wote. Na abti alipoona bei zinakaribiana akafanya kitu ambacho mpaka leo watu wananitumia kipande chake. Sokoni kwetu dalali na mnunuzi hawatajiani bei kwa mdomo. Hushikana mikono chini ya shuka, wakaminyana vidole, kila kidole na maana yake, na waliosimama pembeni hawaambulii kitu. Basi abti akaifunika kamera yangu kwa shuka, akapenyeza mkono, akaanza kuiminya. Laivu ikawa giza, na ndani ya giza kidole gumba kikubwa kinakuja na kurudi.

"Mjomba, kidole tumekiona," akaandika wa Tanga. "Ni ngapi hicho?"

"Hiyo ni siri yangu na wewe!" abti akafoka, mbele ya watu wote hao.

Kesi ikakatizwa na adhana ya Magharibi, ikarudi Ijumaa baada ya swala, na watu walikuwa wanangoja. Wallahi walikuwa wanangoja. Wakakubaliana ngamia sitini, na msichana aende mwenyewe kwa mtoto wa marehemu kuomba radhi. Kwa kuwa gemu haikuwa na ngamia, nikabonyeza Kiri. Mtoto wa marehemu akamsikiliza msichana mlangoni, kisha akaufunga mlango.

"Hata chai?" abti akashangaa. "Hawa watu wa baridi wamelelewa na nani?"

Halafu ikaja sehemu ambayo sikuijua. Baba yake msichana akampeleka kituo cha basi na sanduku. Akamwambia ameamua: aende kwa shangazi yake mji wa mbali, kule kuna kazi, hapa watu wasahau. Vitufe viwili: Panda. Baki. Na saa ikaanza kuhesabu.

Abti akainuka kutoka kwenye godoro. "Wewe mzee!" akamfokea yule baba wa kwenye kioo. "Huyo ni mtoto, si gunia! Mtu unamubandisha gari bila kumuuliza? Aibu!"

Komenti moja ikapita: "Mkuki kwa nguruwe, mjomba." Ya pili: "Mkuki kwa nguruwe!" Zikajaa kioo kizima, abti akazisoma herufi kwa herufi, miwani puani.

"Astaghfirullah! Nani ametaja nguruwe kwa nyumba yangu?"

"Abti, ni methali tu."

"Methali gani inaingiza nguruwe kwa Waislamu Ijumaa? Eleza!"

Nikaeleza. Nikasema, watu wakimchoma mkuki nguruwe wanaona ni sawa, lakini mkuki uleule ukiwageukia wao, wanaona uchungu. Akasema haoni mkuki unamhusu nini. Basi nikavuta pumzi, nikamwambia kwa Kisomali, polepole, kwamba hao watu wanajua Jumamosi mimi napanda lori la Takaba, na kwamba hakuna aliyeniuliza.

Yule mtu ambaye hata usingizini hupatana bei akavua miwani, akaifuta kwa shuka. Hooyo akaweka birika chini. Saa ya gemu ilikuwa imekwisha bila mimi kubonyeza kitu, basi likaondoka, na yule msichana akabaki amesimama na sanduku lake.

"Haya," abti akasema, na hakunitazama. "Wewe unataka nini?"

Mimi ninayeongea na kioo kutwa nzima nikakiacha kioo, nikamgeukia yeye. "Nataka kubaki, abti."

Akajifunga shuka vizuri, akawaaga wa Tanga na wa Ifo kila mmoja kwa upande wake, akatoka. Kwenye bakora yake aliegemea kuliko kawaida. Nikadhani amekasirika, na kweli alikuwa amekasirika.

Jumamosi alfajiri lori lilipiga honi nje. Nilitoka na mtandio kichwani, nikamkuta abti ameshapanda mbele, mto wa godoro langu chini ya mgongo wake unaomsumbua. Mgongo huo, na ile barabara mbovu ya Takaba. Duka haliwezi kujikalia, akasema. Akasema pia chumba kisafishwe, watu wanatazama.

Mchana nikafungua laivu. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, na wote waliuliza kitu kimoja: mjomba yuko wapi? Nikafungua mdomo niwaambie amekwenda Takaba mahali pangu, nikashindwa. Nililia mbele ya kamera, makamasi na yote, mpaka kioo kikapata ukungu. Wakanipigia makofi ya vidole na mioyo myekundu, na wa Tanga akaandika kwamba leo ndiyo nimeigiza vizuri.