Joho la Wifi

Dada yangu ni fundi cherehani, na ana ulimi mkali kuliko mkasi wake. Jumamosi saa nane mchana anafunika cherehani na kufundisha darasa la watu wazima wanaojiandaa kubatizwa. Wanafunzi hukaa humo humo chumbani mwetu mwa kushonea, juu ya marobota ya vitambaa: mlinzi wa benki, muuza mkaa na mkewe, na mwalimu mmoja mstaafu anayesinzia. Somo la dada ni upendo. Mimi nakaa pembeni natia vifungo, nasikiliza, na mara nyingi nauma ulimi.

"Upendo si kujisikia vizuri," huwaambia. "Hukuamriwa umfurahie jirani yako. Umeamriwa umpende. Umtakie mema, umtendee mema, hata kama ukimwona roho inakuchafuka."

Siku moja mlinzi, ambaye hajui kunyamaza, akauliza, "Mwalimu, na yule wifi yako?"

Chumba kizima kikaangalia sakafu. Dada akavuta pumzi. "Yule nampenda," akasema. "Ila simtaki karibu."

Wifi huyo ni mke wa kaka yetu. Miaka saba iliyopita dada alimshonea gauni la harusi, na siku ya siku bibi harusi akasema mbele ya wakwe wote kwamba limembana mpaka wali haushuki. Dada naye akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, kwamba gauni halina kosa, ni mtu aliyefutuka kati ya kupimwa na kuvaa. Tangu siku hiyo wamekuwa paka na panya. Wifi anaimba kwaya. Kwaya ikisimama, dada anafumba macho mpaka wakae. Waumini wanadhani anasali.

Basi mchungaji akaleta kazi ya majoho mapya ya kwaya, ishirini na mawili. Dada ana sheria moja ambayo hajaivunja tangu aanze kazi: hakati kitambaa kwa vipimo vya kuandikiwa. Lazima akupime kwa mkono wake, kifua, kiuno, bega, halafu apige magoti apime urefu mpaka kwenye kiatu. Wanakwaya ishirini na mmoja wakaja wakapimwa. Wifi akatuma kikaratasi. Dada akakichana bila kukisoma. "Aje mwenyewe." Wifi akajibu kwamba haji mpaka aitwe na mwenye nyumba, si kwa kutumiwa salamu. Haya, ngoma droo.

Mchungaji akaja mwenyewe. Ni mtu wa maneno machache. "Jumamosi saa kumi napita kuchukua majoho," akasema. "Yakiwa ishirini na moja, darasa nampa mtu mwingine. Siwezi kuwa na mwalimu wa upendo aliyemwacha mtu mmoja uchi."

"Uchi tena, mchungaji!"

"Uchi," akasema, akaondoka.

Jamani, dada alilia. Nimemwona akizika mume bila kutoa chozi mbele za watu, lakini kwa darasa lile alilia hadharani, akijifuta kwa bitana. Halafu akanyanyuka na kukata joho kwa kumbukumbu, kwa mwili wa yule bibi harusi wa miaka saba nyuma, tena akaongeza inchi nne kila upande. "Safari hii hatasema limembana," akasema.

Nikafungua mdomo. Akaniziba: "Habari za mtu yule usiniletee." Ndivyo alivyoniambia mwaka jana pia, niliporudi kutoka kumwona wifi hospitali. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo mtu hawakulisema, basi nikarudi kwenye vifungo vyangu.

Joho likapelekwa kwa wifi Jumamosi asubuhi. Saa tisa, darasa likiwa katikati, mlango ukafunguliwa, akaingia wifi amelivaa.

Kusema kweli, aliyeingia ni joho. Wifi alikuwa humo ndani mahali fulani. Mabega yalikuwa kwenye viwiko, mikono imemezwa, pindo linasomba vumbi. Muuza mkaa akaangua kicheko, mkewe akampiga kofi la paja, halafu naye akashindwa. Hata mstaafu aliamka.

Dada hakucheka. Alikuwa amefumbua macho, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba alikuwa anamtazama. Shingo ile nene ilikuwa imebaki mifupa.

"Umekuwaje?" akauliza.

"Niliumwa," wifi akasema. "Mwaka mzima. Wiki tatu nilikuwa wodini. Kila mlango ukifunguliwa nilidhani ni wewe."

Kicheko kikakatika. Dada akachukua futi shingoni, akaenda. Ukimpima mtu kifua lazima umzungushie mikono, hakuna namna nyingine. Akazungusha. "Andika," akaniambia, lakini namba hakuitaja. Akahamia kiunoni. Akapiga magoti apime urefu, akafika kwenye kiatu, na hapo chini akabaki.

"Dada, inuka," nikamwambia.

"Nimekuchukia, wifi yangu," akasema, uso umeelekea sakafuni. "Watu hawa nimewadanganya. Nilikuchukia kweli kweli. Nisamehe."

Wifi akataka kumshika kichwa, mkono ukapotea kwenye joho, ikabidi apandishe kitambaa kwanza. "Na mimi nilikuchukia," akasema. "Nilikuwa nakuombea upate jipu." Wakalia wote wawili, na mlinzi wa benki akalia kuliko wao.

Mchungaji akatukuta hivyo saa kumi. Akahesabu majoho kwa macho, akamwona dada bado chini.

"La ishirini na mbili halifai, mchungaji," dada akasema. "Mpaka kesho halitakuwa tayari. Na darasa mpe mwingine. Mimi sistahili."

"Ni kweli, hustahili," mchungaji akasema, akaanza kubeba majoho. "Jumamosi ijayo saa nane. Usichelewe."