Sauti ya Mara Moja

Majivu yakimwagiwa maji yana harufu yake, jamani. Si moshi, si udongo. Ni ubaridi fulani unaokukaa kooni. Mpaka leo mtu akizima jiko kwa maji mbele yangu, nanyanyuka natoka nje. Wanangu hunicheka. Wacheke tu.

Asubuhi hiyo ya baridi kali, pale Mshangano, akina mama wa mtaani kwetu walizima mafiga yote kwa maji. Hakikusikika kinu hata kimoja. Nilivyojua mimi, moto wa jikoni huzimwa pakiwa na msiba, nikamuuliza mama, "Nani kafa?" Akanifunga kaniki begani. "Nyamaza, twende."

Nilikuwa na miaka saba, na akili yangu ilikuwa na haraka kuliko faida. Njiani nikawahesabu watu wa nyumbani. Baba yupo, wadogo zangu wapo, asiyekuwepo ni kaka Odilo. Basi kafa Odilo.

Odilo alikuwa amepata kibarua cha utingo kwenye kambi ya askari wa nchi jirani, nje kidogo ya mji. Ndiyo miaka ile biashara imefunguliwa, mitumba na sabuni za kunukia zimejaa sokoni, na kila kijana anataka suruali mpya. Hakuna aliyewaambia kwamba malori yale yanavuka Ruvuma na kuingia vitani. Mawili yalikuwa hayajarudi.

Akina mama wakakaa chini mbele ya geti, miguu wameinyoosha kama matangani. Walikuja kuwadai watoto wao, ila hawakusema neno wala hawakulia. Nilishaona misiba, lakini msiba usio na kilio sikuwahi kuuona, nikaogopa kwelikweli. Ukungu ulikuwa mzito hata mlinzi tukamwona kuanzia kiunoni kwenda juu tu. "Shikamooni, mama zangu," akasema. Hakuna aliyeitikia marahaba. Akaamkia tena, kimya. Maskini, akarudi nyuma hatua mbili.

Mimi nilikuwa mwisho wa mstari, karibu na seng'enge.

"Munda!"

Sauti ya Odilo, ikiniita jina langu. Nikageuka. Alikuwa amesimama nyuma ya seng'enge, uso mweupe, nywele nyeupe, mpaka kope nyeupe.

Bibi mzaa mama alitulea sote kwa fundisho moja, mama akiwemo: ukiitwa mara moja, usiitike. Mtu hai huita mara mbili. Mzimu una pumzi ya mara moja tu. Basi nikangoja ya pili. Haikuja. Mtu alipiga mluzi huko ndani, Odilo akageuka, ukungu ukamfunika. Nikajifunika kaniki gubigubi. Punde lori likanguruma, likatokea mlango wa nyuma.

Baadaye mkubwa wa kambi akaja getini. "Nani amekufa hapa?"

Mama ndiye aliyejibu, neno moja tu. "Bado."

Mkubwa yule akavua kofia yake. Akaamuru vijana wetu wote waliobaki mle ndani watolewe. Wakatoka wanne, weupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Mama mmoja akampangusa mwanawe kwa kanga, nikaona ngozi. Ulikuwa unga. Walikuwa wakipakia magunia ya unga.

Odilo hakuwemo. Lori lilikwisha ondoka naye, na hakurudi, si yeye wala lori.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba wale akina mama walimlilia aliye hai, tena bila machozi, ili wasije wakamlilia maiti. Nami nilikaa na siri yangu tumboni hadi nikawa mama mwenyewe. Siku moja, tukichambua maharage, ikanitoka. "Mama, siku ile Odilo aliniita. Sikuitika."

Mama akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa nje.

"Aliita mara moja," akasema.

Sikuwa nimemwambia ni mara ngapi.

"Nilimsikia, mwanangu. Na mimi nilikuwa nangoja ya pili."