Mama alishukuru kabla daktari hajamaliza

Leo mama yangu ameshukuru kwa habari mbaya, na mimi nikaitikia amina.

Tulikwenda hospitali kufuata majibu ya kipimo cha kinyama kilichotolewa kwenye titi lake.

"Ile protini tuliyoitafuta juu ya seli za saratani haipo," daktari akasema.

Mama akafumba macho. "Asante Yesu."

Daktari akamgeukia.

"Mama, dawa niliyowaambia hushika protini hiyo, ili kinga ya mwili iione saratani. Kama haipo, dawa haina pa kushika. Tutatumia nyingine, ila itakuchosha zaidi."

Nilishindwa kumtazama mama.

Tukisubiri gari la kwenda Kikatiti, akasema, "Wadogo zako waambie wewe. Anza na hiyo dawa nyingine."

Bado sijapiga simu. Mliowahi kupeleka habari kama hizi nyumbani, mlianzaje?