Oili ya Kupanda Mahenge

Nilipostaafu kazi ya ubibi shamba, watu wa mtaani kwetu Mlabani walikuwa wameshanipangia matumizi ya kiinua mgongo changu. Jirani alisema ninunue kiwanja. Mdogo wangu wa kiume aliyeko Dar es Salaam alisema, "Dada, chukua bajaji, weka dereva, wewe ukae ule." Mimi nikanunua pikipiki kubwa ya safari, mpya, yenye kiti kipana cha nyuma, na nikaziba masikio. Waliosema nimechanganyikiwa waliyasemea huko huko, kwangu hawakuja.

Kiti kile kilikuwa cha mama. Nimeishi naye tangu baba afariki, na mama yangu hawezi gari. Akiingia tu anaanza kutapika, hata daraja la Kilombero hajalifikia. Lakini umpandishe pikipiki, upepo umpige usoni, anakaa vizuri kuliko vijana. Dada yake, yaani mama yangu mkubwa, alikuwa kijijini kwao huko juu Mahenge, hali yake ikidhoofika, na hawakuwa wameonana miaka mingi. Nilimwahidi mama kwamba nitamfikisha kwa dada yake akiwa bado hai. Niliahidi mbele ya ndugu, tena kwa sauti, kwa hiyo hakukuwa na kurudi nyuma.

Sasa, injini mpya huipandishi mlima siku unayoitoa dukani. Kuna ringi zinazoizunguka pistoni, na hizo lazima kwanza zizoeane na ukuta wa silinda. Zisipozoeana, oili inapita, inapanda juu na kuungua pamoja na petroli. Muuzaji aliniambia kilomita elfu moja za kwanza nisivute mafuta mpaka mwisho wala nisiibebeshe mizigo mizito, kisha nimwage oili niweke mpya. Nikamtii kupita kiasi. Kila jioni naiendesha hadi Lumemo na kurudi, gia kubwa, mwendo wa bibi harusi. Mama mmoja anayekaanga mihogo pale njiani akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama kuna kitu nilidondosha nakitafuta.

Pembeni mwa injini kuna kioo kidogo cha kutazamia oili, chenye alama ya juu na ya chini. Pikipiki lazima isimame wima, maana ikilalia stendi yake ya pembeni kioo kinakudanganya. Basi mimi nashika usukani, mama anachuchumaa kutazama. Mwanzoni alisema iko juu. Baadaye akasema imefika katikati. Halafu jioni moja akainuka taratibu, akijishika magoti, akasema, "Imekaribia alama ya chini, mwanangu. Mnyama wako anakunywa."

Chini hapakuwa na hata tone. Haikuvuja. Ilikuwa inaila.

Nikaipeleka kwa fundi. Akaizunguka, akanusa bomba la moshi, akasema, "Mama, hapa ringi zimekufa. Tuifungue tuone."

"Injini haijamaliza hata mwezi, uifungue wewe?"

"Sawa. Ikikufia mlimani usinitafute."

"Ikinifia mlimani nitaisukuma. Spana yako isiisogelee."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, na chini ya ile hasira kulikuwa na woga mtupu. Kama fundi alikuwa sahihi, sikuwa na kitu kingine cha kumpandishia mama.

Nilikaa uani nikipepeta mchele, nikakumbuka pikipiki za ofisini. Zilikuja mbili kwa pamoja, mpya, ndugu wa tumbo moja. Moja alipewa mkuu wetu, akawa anaiendesha kutoka nyumbani hadi ofisini, polepole asichafue suruali. Nyingine nilipewa mimi, nikaingia nayo kwenye matope ya mashamba ya mpunga mpaka Lupiro, kupanda na kushuka, mbegu nyuma. Ya mkuu ilikula oili mpaka ikaegeshwa. Yangu haikuniomba hata kijiko. Nikauacha ule ungo pale pale. Muuzaji alisema nisiikamue, hakusema niibembeleze. Ringi zinahitaji kusukumwa kidogo ili zikae mahali pake, na mimi nilikuwa naiendesha kama anayempelekea mgonjwa komunyo.

Kesho yake nikaipeleka kwenye lami ya Kidatu. Nikaipasha moto vizuri, nikaongeza mwendo, nikaachia mafuta, injini yenyewe ikapunguza mwendo, nikaongeza tena. Gia juu, gia chini, bila kuifikisha mwisho. Nilifanya hivyo siku baada ya siku hadi mikono ikafa ganzi. Mama akawa anachuchumaa jioni, na majibu yake yakaanza kubadilika. Oili iliendelea kushuka, ila sasa kwa aibu.

Ndipo simu ikapigwa. Alikuwa binti wa mama mkubwa: mama yake haamki tena kitandani, na chakula anakikataa. Mdogo wangu naye akapiga, akataka tukodi gari. Mama alisikia kila kitu, akaniambia, "Nikifika nimekufa mimi, nitakuwa nimemsaidia nini?"

Kilomita elfu hazikuwa zimetimia. Nikaona basi, zilizobaki zitatimia njiani. Nikamwaga oili ya zamani, ilikuwa inametameta vumbi la chuma, nikaweka mpya hadi alama ya juu, chupa nyingine nikaifunga nyuma. Alfajiri tukavuka daraja.

Lupiro tulisimama. Mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuwa na baiskeli nilimwamkia, nikamwomba anishikie pikipiki wima. Mama akataka kuchuchumaa, nikamkataza, nikatazama mwenyewe. Haikuwa imeshuka hata kidogo. Sikuamini, nikapangusa kioo na kanga, nikatazama tena. Yule mzee akauliza kama kuna tatizo. Nikacheka, nikampandisha mama tena.

Mlima ulipoanza, nikashuka gia na kuiacha injini ifanye kazi yake. Kokoto zikiruka, vumbi la malori mdomoni, mama amenishika kiunoni kwa mikono miwili. Kila ilipopata joto nilisimama ipoe, sikujali nani anapita ananicheka. Sikuwahi kutaka safari ifike kama nilivyoitaka ile. Nilikuwa naisemesha kabisa, panda, panda mama.

Tulimkuta hai.

Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini mama aliposalimia kwa Kipogoro, yule bibi aliinua mkono na kumpapasa usoni. Wakaanza kuongea kwa kasi ambayo mimi mwenyewe sikuweza kuifuata, na mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baba afariki. Kisha akakunja mikono ya gauni lake, akachemsha uji, akamnywesha dada yake kijiko kwa kijiko, na yule aliyekataa chakula akala.

Mchana nikasema tujiandae, tushuke kabla mvua haijaja. Mama alikuwa amekaa kitandani, kichwa cha dada yake mapajani, anamsuka.

"Mimi sirudi," akasema.

"Mama, huku nani atakuangalia?"

"Na huyu, binti yake akienda shamba, nani anamwangalia?" Hakuninyanyulia macho. "Kule kwako nakaa tu. Asubuhi nakaa, jioni nakaa."

Ilinichoma. Nilikuwa najisifia kwa watu kwamba mama yangu kwangu hagusi hata kijiko. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya jiko, nikalia kwa hasira na kwa uchungu, kisha nikanawa uso nikarudi.

"Dawa zako za presha nitazileta mwenyewe kila mwezi," nikamwambia. "Na utazimeza, usinibishie."

"Nani anabisha? Lete."

Mama mkubwa akageuza kichwa kuelekea sauti yangu. "Yule mgeni wako bado yupo?" akamuuliza mama.

"Yupo, ndio anaondoka," mama akasema, akaendelea kusuka.

Nikaondoka.