Msikilizaji wa Kiwanda

Kiwandani kwetu mjini Rosario, mwanasaikolojia alikuja kutupima tabia ili kila mtu ajijue. Mimi nikatoka mwepesi wa hasira, jambo lililoniudhi siku nzima. Norberto Bassi wa mauzo akatoka msikilizaji hodari kuliko wote. Haishangazi, maswali ya kumpima aliyajibu yeye mwenyewe.

Kesho yake tukakaa na mwanasaikolojia kunywa yerba, chai yetu chungu ya majani, kama kawaida, kibuyu kimoja na mrija mmoja vikizunguka kwa zamu. Kilipomfikia Norberto, akakikumbatia na kuanza kutueleza anavyosikiliza wateja, mama mkwe wake, hata mbwa wa jirani. Sisi macho yote kwenye kibuyu. Yerba ikapoa.

"Norberto, mwanangu," akasema Elvira wa uhasibu, ambaye zamu yake ilifuata, "hicho si kipaza sauti. Kunywa, upitishe."

"Ngoja kidogo, mama, sijafika penyewe."

"Umeanza tangu tuko na njaa ya asubuhi, sasa tuna ya mchana."

Akamnyang'anya kibuyu. Norberto akamgeukia mwanasaikolojia kwa huzuni.

"Umejionea, daktari. Ofisi nzima hii, msikilizaji ni mimi peke yangu."