Kangaga la Visiwa vya Baridi

Binti yangu alipokwenda kusomea mimea ya visiwa vya mbali kusini mwa dunia, picha ya mwisho aliyonitumia haikuwa yake. Ilikuwa ya kangaga, mmea mdogo usio na maua, umejibana kwenye ufa wa jiwe lenye maji. Pembeni aliweka kidole gumba ili nione udogo wake. Ukucha ulikuwa umegeuka buluu kwa baridi.

"Mama, hili halioti kwingine ila visiwa vya huku," aliandika. "Kesho tunavuka upande wa pili. Hakuna mtandao, ila ni siku nne tu."

Siku ya tano nilianza kuhangaika. Ya sita nilifua mapazia yaliyokuwa safi. Majirani wa mtaa wetu wa Ngokolo walinikuta nafagia uwanja kwa mara ya tatu asubuhi moja. Mume wangu anachimba dhahabu chini ya ardhi, mgodini Bulyanhulu, na hofu ile nimeizoea: zamu ikiisha anapanda juu, ananipigia. Hii ya binti haikuwa na zamu.

Ya saba nikapanda basi kwenda Mhunze kwa mama yangu. Sikuwa na shida naye. Nilishindwa tu kukaa. Nikamwonyesha picha. Akaisogeza simu mbali, akairudisha karibu.

"Mbuzi wanalila?"

"Huko hakuna mbuzi, mayu."

"Watu je?"

"Hakuna watu."

"Sasa mjukuu wangu kafuata nini?"

Akaendelea kuitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mkono wenyewe mtupu. Hata glovu hana."

Simu ililia siku ya tisa, nikiwa sokoni nachagua nyanya.

"Shikamoo mama."

Upepo ulikuwa umeizuia boti, wakabaki kwenye kibanda wakila vyakula vya kopo. Nilimgombeza mpaka muuza nyanya akaacha kupanga mafungu yake. Binti akaniacha nimalize.

"Mama, nimeomba kubaki msimu mwingine."

Nikamwambia amuulize baba yake, nikijua baba yake atamrudisha kwangu. Akacheka, anatujua.

Nilimpigia mume wangu kabla hajaingia zamu. Nilipomweleza, akauliza msimu wa huko ni miezi mingapi. Sikujua. Wala sikuwa nimeuliza.